Hita ya papo kwa papo: kwa nini muuzaji anakuuliza kama una maji baridi

Juni mama yangu alishuka kutoka Lushoto kuja kukaa nasi Tabata. Siku ya tatu akaanza kulalamikia magoti, ya nne akasema wazi kwamba maji ya bafuni kwetu asubuhi hayaogeki. Mtu wa Lushoto kulalamikia baridi ya Dar ni kichekesho, lakini ukimsikiliza ana hoja: kwao maji ya kuoga huwekwa jikoni kabla ya chai. Hajawahi kusimama chini ya shawa ya baridi maishani mwake, na hakuwa na mpango wa kuanza akiwa na miaka sabini na mbili.

Nikaenda Kariakoo kutafuta hita. Swali la kwanza la muuzaji lilikuwa, "Dada, kwenu kuna maji baridi?"

Nikamjibu kwamba ndiyo maana nimekuja.

Akacheka, na mwenzake aliyekuwa anapanga boksi akacheka pia. "Simaanishi hivyo. Maji baridi, au ya chumvi? Ya bomba au ya kisima?"

Tangu siku hiyo nimegundua kwamba karibu kila ninayezungumza naye kuhusu hizi hita anazielewa vipande vipande. Mmoja anasema zinamaliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mwingine anasema zinapiga shoti, binamu yake aliponea chupuchupu. Wa tatu anasema nunua yenye wati nyingi kuliko zote ukae kwa amani. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, na chembe hizo zikikutana kwenye bafu moja ndipo nyumba inapoharibika. Ngoja tuzichambue polepole.

Tuanze na jina. Hita ya papo kwa papo, ambayo wengi mtaani wanaiita instanti, ni hita isiyo na tangi. Maji baridi yanaingia upande mmoja, yanapita kwenye koili inayowaka, yanatoka upande wa pili yakiwa ya moto. Haiweki akiba. Ukifunga maji inazima, ukifungua inawaka. Aina inayoonekana sana madukani kwetu ni ile iliyo kwenye kichwa cha shawa chenyewe, kama chungu kidogo cha plastiki, pamoja na ile ya kiboksi kinachobandikwa ukutani. Hita ya tangi ni kitu kingine: pipa la lita 30, 50 au 80 linaloning'inia ukutani au kufichwa juu ya dari, linachemsha maji na kuyatunza mpaka utakapoyahitaji.

Tofauti yake ni ile ya supu na chipsi. Mwenye supu ameinjika sufuria tangu usiku, moto wake mdogo lakini hauzimwi, ukifika unakinga bakuli unakula. Ila mteja wa saa tano akikuta sufuria limekauka, hana la kufanya ila kusubiri. Mwenye chipsi haanzi mpaka uagize. Kwa kuwa umesimama hapo unamkodolea macho, anahitaji moto mkali. Ndiyo maana hita ya tangi ina wati 1,500 au 2,000 tu, na kale kachungu ka shawa kana wati 3,500, 4,500, 5,500, hata 7,500. Ukubwa wa wati si ulafi. Ni haraka.

Usiuache mfano wa chipsi, maana una jambo la pili. Wateja kumi wakija kwa mpigo, jiko ni lilelile, chipsi zitatoka mbichi. Hita nayo ukifungulia maji mengi kupita uwezo wake, yanapita mbio bila kushika moto, unapata vuguvugu. Ukipunguza maji, yanatoka ya moto zaidi. Mtu ambaye hajaambiwa hili atafungua bomba mpaka mwisho akitafuta joto, joto lizidi kupungua, kisha aseme ameuziwa feki.

Je, ni wati ngapi zinakutosha? Hapa kuna hesabu moja ambayo ingefaa ibandikwe kwenye kaunta za maduka. Kupasha maji yanayotiririka kwa lita moja kwa dakika, yapande digrii moja, kunahitaji takriban wati 70. Basi. Zidisha lita, zidisha digrii.

Chukua bafu la Dar. Maji yanayotoka kwenye simtank alfajiri ya Julai, chukulia yana digrii 26. Maji ya kuoga yanayopendeza mwili ni kama digrii 40. Tofauti ni 14. Shawa ya kawaida ya aina hii inatoa lita nne kwa dakika. Nne mara 14 mara 70: wati 3,920. Sasa peleka hita hiyohiyo mahali ambapo maji ya bomba wakati wa baridi yana digrii 8, kama London. Tofauti inakuwa 32, na shawa ileile inadai wati 8,960. Ndiyo maana ukisoma ushauri wa Ulaya au Marekani utaambiwa hita chini ya kilowati nane ni mchezo wa watoto. Kwao, ndiyo. Sisi jua limeshatufanyia nusu ya kazi. Hapa Dar shawa ya wati 5,500 utaiweka alama ya kati karibu mwaka mzima, na yule anayekusukumia ya 7,500 anakuuzia moto usioutumia, pamoja na waya mnene zaidi wa kuulisha.

Sasa LUKU, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi hapa. Uniti moja ni wati 1,000 zikiwaka saa moja. Wati peke yake hazikuambii unalipa nini, lazima uzidishe na muda. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo saa nzima imekula uniti moja. Shawa ya wati 3,900 ikiwaka dakika sita imekula uniti 0.39. Mimi nanunua uniti kwa takriban shilingi 356, kodi na tozo zikiwa ndani, kwa hiyo kuoga mara moja kunanigharimu kama shilingi 139. Watu wanne, kila siku, mwezi mzima: uniti 47 hivi, karibu shilingi 16,700. Si bure. Ila si ule msiba unaosimuliwa vijiweni.

Msiba unaanzia kwenye dakika. Kijana wangu wa kidato cha tatu akiingia bafuni na simu yake ikiimba, dakika ishirini zinakatika, na hizo ni uniti 1.3, zaidi ya shilingi 460 kwa mtu mmoja. Kwenye ndoo angeoga lita ishirini akamaliza. Kuyapasha maji ya ndoo hiyo mpaka digrii 40 kunahitaji theluthi moja ya uniti, hata ukae humo saa nzima. Kwa hiyo anayesema ndoo ni nafuu yuko sahihi, ila unafuu unatokana na kwamba ndoo ina kitako.

Halafu kuna wale walio kwenye kundi la matumizi madogo, ambao uniti 75 za mwanzo za mwezi wanazilipia shilingi 100 kwa kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi hapo shilingi 350. Kama unaishi na taa, televisheni na friji dogo, na mwezi unakwisha kwenye uniti 65, hizo 47 za hita zitakuvusha mpaka. Hawa ndio wanaosema kwa dhati kabisa kwamba "hita imenimaliza", na hesabu yao ni tofauti na yangu. Kabla ya kununua, angalia umemaliza uniti ngapi mwezi uliopita.

Na hita ya tangi? Ile isipozimwa inapoteza joto kupitia ubavuni hata asipooga mtu, na la lita 50 linaweza kupoteza karibu uniti moja kwa siku. Ukiwa na nidhamu ya kuwasha nusu saa kabla ya kuoga na kuzima, tofauti ya gharama kati ya hizi mbili inakuwa ndogo. Mimi nidhamu hiyo sina.

Harufu ya vibua

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo makala nyingi hupita haraka na hapa ndipo moto hutokea.

Fundi wangu wa kwanza, sitamtaja, alikuja jioni akiwa na bisibisi, tepu na haraka. Aliangalia ukuta wa bafu, akaangalia soketi ya korido upande wa pili, akaniambia, "Dada, hapa tunachukulia hapahapa, usijisumbue kuvuta laini mpya." Nikafurahi. Nani anataka kuchimbiwa ukuta? Ndani ya saa moja mama alikuwa anaoga, anaimba.

Wiki tatu baadaye, kila asubuhi mama akioga, nilikuwa nasikia harufu ya samaki koridoni. Nikasema ni jirani, anakaanga vibua mapema. Nikasema hivyo siku nne. Ya tano ilikuwa Jumapili, jirani amesafiri, na harufu ipo. Nikainamia swichi ya hita aliyoiweka fundi pale. Ilikuwa ya moto kama upande wa sufuria. Alipokuja fundi mwingine akafungua kifuniko, plastiki ya ndani ilikuwa na rangi ya ukoko, na ganda la waya limegeuka gumu, ukiligusa linavunjika kama kachori. Plastiki za swichi na soketi zikiungua taratibu hutoa harufu ya samaki. Kama nyumbani kwako kunanukia samaki na hakuna anayepika, usiende jikoni. Zima breka.

Kilichotokea ni hiki. Gawanya wati kwa volti 230 za umeme wetu, unapata amperi, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Shawa ya wati 5,500 inavuta amperi 24. Hata ile ndogo kabisa ya 3,500 inavuta 15. Plagi zetu za miguu mitatu zimetengenezwa kwa amperi 13. Kwa hiyo hakuna hita ya shawa, narudia hakuna, inayofaa kuchomekwa kwenye soketi au kudandia laini yake. Laini za soketi hufungwa waya wa milimita za mraba 2.5, za taa wa 1.5. Shawa ya 5,500 inataka waya wa 4 usiopungua, na kama bodi ya breka iko mbali, ukivuka sebule na ngazi, wa 6. Laini yake iwe peke yake, kutoka kwenye bodi hadi bafuni, bila kulisha kitu kingine njiani. Breka yake ilingane na waya: ukubwa wa breka ni kumlinda waya, si kuifurahisha hita. Ukiona breka inakatika na fundi anasema "tuweke kubwa zaidi" bila kuuliza waya ni wa ngapi, mpe nauli yake aende.

Jambo ambalo watu hawalitegemei: amperi zikiwa mara mbili, joto kwenye waya haliwi mara mbili, linakuwa mara nne. Na joto hilo hujikusanya pale palipolegea, kwenye skrubu ya swichi na kwenye maungio yaliyozungushiwa tepu. Ndiyo maana kwangu waya ukutani ulikuwa mzima lakini swichi ikawa kaa. Swichi ya hita iwe ile nene ya amperi 45, yenye kukata nyaya zote mbili, mara nyingi ina kijitaa chekundu. Iwekwe nje ya bafu, au mahali ambapo maji hayarukii.

Tukirudi kwa swali la muuzaji

Watu huuliza: umeme na maji viko chumba kimoja, kwa nini tusife? Swali zuri. Kwenye shawa nyingi za bei ya kawaida koili iko uchi, maji yanaipita moja kwa moja. Maji ya bomba, yaliyotoka Ruvu yakasafishwa, yanapitisha umeme kidogo sana, na umeme unaovuja kuyafuata ni mdogo, unakamatwa na waya wa ethi kabla haujakufikia. Maji ya kisima cha Dar ni habari nyingine. Visima vingi hapa mjini, na hasa kadiri unavyokaribia pwani, vina chumvi ya kuonja kwa ulimi, na chumvi inapitisha umeme kwa raha zake. Koili uchi kwenye maji ya chumvi inavujisha umeme zaidi, na yenyewe inaliwa haraka. Kwa hiyo zipo hita za maji ya chumvi, ambazo koili yake imevikwa gamba la chuma ili maji yasiuguse umeme. Bei yake iko juu kidogo. Ndiyo maana ya "una maji baridi?"

Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za Dar haziko upande mmoja. Wiki maji ya DAWASA yapo, wiki hayapo unanunua boza, na boza halikuambii limechota wapi. Kama simtank lako linapokea kila kinachokuja, nunua ya chumvi. Ya chumvi inakubali maji baridi. Ya maji baridi haikubali chumvi.

Halafu ethi. Hili ni neno linalotajwa na kila fundi na kukaguliwa na wachache. Ethi ni waya wa tatu unaotoka kwenye mwili wa kifaa kwenda kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini, ili umeme ukivuja upate njia rahisi kuliko mwili wako. Tundu la tatu la soketi halithibitishi kwamba nyuma yake kuna waya, na waya ukiwepo hauthibitishi kwamba fimbo ipo. Nyumba tuliyopanga zamani Mabibo ilikuwa na tundu zote tatu na fimbo hakuna. Mbaya kuliko kukosa ethi ni fundi anayeunganisha waya wa ethi na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, kwenye shawa ili "ifanye kazi". Siku nyutro ikikatika mahali popote huko nyuma, mwili wa hita na bomba lake vinapata umeme wote, na wewe uko uchi, umelowa, miguu kwenye sakafu ya simenti. Ukihisi bomba linang'ata vidole, usizoee. Nimekutana na familia inayovaa ndala za plastiki kuogea kwa sababu hiyo, na wanalisema kama utani.

Mlinzi wa mwisho ni breka ya kuvuja, ile yenye kitufe cha kujaribia. Inafanya kazi kama konda mwenye hesabu kali: abiria thelathini wamepanda, nauli ishirini na tisa, gari haliondoki. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ikiona kilichopotea kinafika milliamperi 30, inakata kabla moyo haujavurugika. Breka ya kawaida haikufanyii hivyo. Ile inasubiri amperi nyingi kupita kiasi, na mwili wa mtu unakufa kwa umeme mdogo mno kuishtua. Kama breka ya kuvuja inakatika kila unapowasha shawa, haina kiherehere. Inakuambia koili imechoka au umeweka hita ya maji baridi kwenye chumvi. Kuna mafundi hujibu kwa kuiondoa.

Fundi wa kukufungia awe na leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Mwombe akuonyeshe, hatanuna kama anayo. Na apime ethi kwa kipimo, si kwa taa.

Maji yenyewe yana msukumo?

Hita hizi zina swichi ndani inayosubiri maji yaisukume ndipo iwashe koili. Bila msukumo wa kutosha haiwaki, na hilo ni jema, maana koili ikiwaka bila maji inakatika kwa sekunde. Sasa simtank lako liko juu ya mnara wa mita nne. Kichwa cha shawa kiko mita mbili. Tofauti ni mita mbili. Mita kumi za kimo ndizo zinazotoa baa moja ya msukumo, kwa hiyo wewe una 0.2, ukitoa kona za bomba na kichujio chenye mchanga huna hata hiyo. Nenda kwenye boksi la hita utafute msukumo wa chini inaoutaka. Kama huufikii, nyanyua tangi au weka pampu ndogo ya kuongeza msukumo, na gharama yake iingie kwenye hesabu kabla hujalipia hita. Wanaokaa ghorofa ya mwisho chini kidogo ya tangi ndio hupata taabu zaidi. Wa chini kabisa wanapata maji kama ya zimamoto.

Siku ya kwanza, na kila mara maji yanaporudi baada ya mgao, fungua bomba hita ikiwa imezimwa kwenye swichi mpaka hewa yote itoke na maji yatiririke bila kukohoa. Koili nyingi hufa siku hiyo ya kwanza. Na usiruhusu fundi aweke bomba la kufungia mbele ya shawa ya aina hii, yaani upande maji ya moto yanapotokea. Maji yafungwe kabla ya kuingia kwenye hita, vinginevyo kile chungu cha plastiki kinabaki kimebana maji ya moto ndani.

Jioni kuna kisa kingine. Mama aliniambia hita "inachoka usiku". Nikajua amekosea, kisha nikapima, volti zilikuwa 180. Mtaa mzima umerudi nyumbani, feni, pasi, majiko, transfoma ni ileile. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 180, shawa ya wati 5,500 haishuki kidogo, inaporomoka hadi kama 3,370, kwa sababu nguvu ya koili hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Watu wanasema sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, umeme mdogo unatoka wapi? Bwawa liko Rufiji. Transfoma ya mtaa wenu iko pale kona kwa muuza mkaa, na kama imezidiwa imezidiwa.

Za gesi nitazigusa tu. Zipo, zinatumia mtungi wa kawaida, zinawaka kwa betri ndogo maji yanapopita, hazijali volti wala waya. Nguvu yake ni kubwa, hata bomba la jikoni na bafu vinaweza kugawana. Lakini moto unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unakula hewa na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anahisi usingizi, anakaa chini kwenye sakafu ya bafu, anaishia hapo. Hita ya gesi hufungwa nje ya ukuta, kibarazani, na bomba la maji ya moto ndilo linaloingia ndani. Bafu za Dar zenye kidirisha cha shubaka kimoja si mahali pake, hata muuzaji akisema "hii ya kisasa haina shida".

Na neno "papo kwa papo" lisikudanganye kuhusu umbali. Kama hita iko ukutani jikoni na bafu liko mita kumi, ndani ya bomba kuna lita moja na nusu hivi ya maji baridi ambayo lazima yatoke kwanza. Kwa lita nne kwa dakika hizo ni zaidi ya sekunde ishirini za kusimama pembeni. Ile ya kichwa cha shawa haina tatizo hilo. Kwa upande mwingine, haitakusaidia kumkanda mzazi aliyetoka kujifungua: maji ya kukanda yanatakiwa kuwa ya moto kuliko ya kuoga, na kwa kazi hiyo sufuria na jiko bado havijapata mpinzani.

Sisi tulimaliza hivi. Fundi wa pili alivuta waya wa 6 kutoka kwenye bodi, akachimbia fimbo mpya ya ethi uani karibu na mpapai, akaweka breka ya kuvuja na swichi ya 45 koridoni. Kazi yake na vifaa vyake vilizidi bei ya hita yenyewe, na aliponitajia nilinyamaza kidogo. Hita nilibadilisha ikawa ya chumvi. Kila baada ya miezi miwili nafungua kichwa cha shawa na kukiloweka kwenye siki usiku kucha, kinatoka na magamba meupe kama ya ndani ya birika.

Tarehe moja ya kila mwezi mama ndiye anayebonyeza kitufe cha breka ya kuvuja. Nilimwonyesha mara moja, akaipenda kazi hiyo. Ikikatika anapaza sauti kutoka koridoni, "Kiko hai!" kisha anairudisha juu. Januari alituambia tuizime kabisa, maana saa tisa alasiri maji yanayotoka kwenye lile tangi jeusi yanachoma kuliko ya Lushoto jikoni.